Kreti ya Saba

3 Juni

Nimefika saa nane mchana, vumbi hadi masikioni. Shemeji, mjane wa marehemu kaka yangu, alinipokea begi, akalipima kwa mkono, akasema, "Shemeji, umeleta nguo au umeleta ofisi?"

Nimeleta ofisi. Ndani ya begi kuna kompyuta, mafaili manne na jedwali moja lililonitoa mjini: thamani ya nyanya zilizozalishwa nchini kwa miaka ishirini na saba. Soko la bonde hili ndilo kubwa kuliko masoko yote ya nyanya tunayoyahesabu, kwa hiyo Mkuu wangu ameniagiza nikae hapa msimu mzima, nihakiki takwimu zake, ndipo ripoti ichapishwe. Wizara inaisubiri kwa hamu. Mabonde yaliyoongeza mavuno yatajengewa mifereji mipya ya umwagiliaji, na ambayo hayakuongeza yatangoja. Mfereji wa hapa nimeuona njiani. Umepasuka kila hatua ishirini, na nusu ya maji inaishia barabarani.

Sina matumaini na bonde hili na sitajidai ninayo. Jedwali nimeliandaa mimi mwenyewe tangu nikiwa karani kijana, nalijua kuliko viganja vyangu. Nimekuja kugonga muhuri tu. Nikirudi na ripoti isiyo na maswali, nafasi ya mkuu wa kitengo ni yangu. Nina miaka hamsini na mitatu, sitaitwa tena.

4 Juni

Baridi. Shemeji kanitembeza shambani kabla ya chai. Nyanya ni nyanya.

5 Juni, siku ya soko

Soko ni Jumatatu na Alhamisi. Langoni anakaa mpimaji wa ofisi yetu, mwanamke wa miaka sitini hivi ambaye watu wote wanamwita Bi Mizani. Ana meza yenye miguu mitatu na tofali, na mizani ya chuma aliyoipaka rangi ya kijani na kuifuta kila dakika kama sahani ya mgeni. Kazi yake kwetu ni moja: kuhesabu kreti zinazoingia. Ofisi inazidisha idadi hiyo kwa kilo arobaini, ambazo ndizo uzito wa kreti, na hapo tunapata mavuno.

Nilisimama nyuma yake nikamwangalia. Anapiga vijiti vitano vitano kwenye fomu. Lakini kreti ya saba ilipoingia aliinua mkono, wapagazi wakaguna, na foleni nzima ikasimama. Ikapandishwa kwenye mizani. Akatoa uzito wa kreti tupu, akatamka kwa sauti kama anayenadi, "Sabini na nane!" Akaandika kwenye daftari la shule, akaruhusu foleni iendelee.

Nikamwambia kwa upole kwamba fomu haina sehemu ya uzito, kwa sababu ofisi inaujua.

"Ofisi inaujua?"

"Inaujua. Arobaini."

"Basi sawa, Bwana Takwimu," akasema, akarudia vijiti vyake.

Watu wa aina hii nawafahamu. Ukiwapa mizani wanajiona mahakimu.

9 Juni

Kreti ya saba: themanini. Naandika kwa sababu tu alipiga kelele.

12 Juni

Kreti ya saba: sabini na tisa.

Baada ya chakula cha jioni Shemeji aliuliza hilo jedwali langu linasema nini. Nilifurahi, maana ni nadra mtu kuuliza. Nikamweleza kwamba nikishaondoa mfumuko wa bei, thamani ya nyanya za bonde hili imepanda mara nne na nusu tangu mwaka wa kwanza. Lakini thamani ni vitu viwili vilivyozidishwa, mavuno na bei. Mavuno yenu yameongezeka mara moja na nusu tu, miaka yote hiyo. Bei ya kilo ndiyo iliyopanda mara tatu.

"Kwa lugha ya watu?"

"Kwa lugha ya watu, ni bei iliyowabeba, si jembe. Na bei hupanda na kushuka. Wizara haijengi mfereji juu ya bei."

Alikuwa anafuta meza. Akaacha. "Maneno hayo uliwahi kuyasema."

"Wapi?"

"Pale shuleni, kwenye mkutano wa wakulima, miaka kumi na moja iliyopita. Ulisema bei imetubeba mgongoni kama kitoto kichanga. Watu wakacheka. Kaka yako naye akacheka, afanyeje, ni mdogo wake anayezungumza." Akakunja kitambaa. "Aliporudi nyumbani hakula. Kesho yake akaanza kufyeka kile kipande cha mlimani. Kila nikimwambia apumzike, ananiambia mdogo wangu ana karatasi, na karatasi inasema sisi ni wavivu."

Nilikuwa nimesahau mkutano, ila ule mfano wa kitoto nilikuwa naukumbuka. Nilijivunia. Kaka alifariki mwaka wa tano baada ya hapo, na kile kipande cha mlimani mpaka leo Shemeji anakilima.

13 Juni

Nimeshinda ndani. Nimesema nina mafua.

16 Juni

Themanini.

19 Juni

Leo nilitaka kujifanya mwanamume, nikamwambia Shemeji nitambebea kreti kutoka shambani hadi kwenye mkokoteni. Nimebeba mifuko ya saruji ya kilo hamsini ujanani, kilo arobaini ni kitu gani? Nikainama, nikashika, nikainua. Kreti haikusogea. Nikajikaza tena. Kilichosogea ni kiuno changu.

Shemeji alicheka mpaka akakaa chini kwenye tuta. "Pole, shemeji. Labda hii haijasoma jedwali lako."

Tukaibeba watu wawili. Pale langoni niliiangalia kreti kwa mara ya kwanza, naona haya kuandika hivi, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na saba ya kuihesabu. Ina mbao tano kila upande. Tatu za chini ni kuukuu, mbili za juu ni mpya. Juu ya mbao nyanya zimepangwa tena zikafanya kilima, na juu ya kilima kuna wavu umefungwa kwa kamba. Hicho kilima wanakiita kilemba.

Nikamfuata seremala anayezitengeneza, ana kibanda chake nyuma ya soko. Akasema kreti ilianza na mbao tatu. Madalali, yaani wanunuzi wenye malori, wakaagiza ya nne. Baada ya miaka wakaagiza ya tano. Ya sita ilikataa, wapagazi waligoma, ndipo kikaja kilemba. Mkulima anauza kwa kreti, si kwa kilo. Asiyetaka kilemba haachiwi hata salamu.

Nikamuuliza kama hakuna mtu aliyewahi kuiambia serikali.

"Si kuna Bi Mizani?" akasema seremala. "Anapima ya saba kila soko tangu binti yangu hajazaliwa. Sasa binti yangu ana watoto."

Kreti ya saba: themanini na mbili.

20 Juni

Sijala mchana. Nimefanya hesabu mara nne nikitumaini nimekosea.

Mwaka wa kwanza ziliingia kreti elfu kumi za kilo arobaini, yaani tani mia nne. Mwaka jana kreti elfu kumi na tano. Mimi nilizidisha kwa arobaini nikapata tani mia sita. Lakini kama kreti ni kilo themanini, ni tani elfu moja na mia mbili. Mavuno hayakuongezeka mara moja na nusu. Yameongezeka mara tatu.

Na bei? Kreti inauzwa elfu ishirini na nne. Nilipogawa kwa arobaini nilipata mia sita kwa kilo, mara tatu ya ile mia mbili ya mwanzo. Ukigawa kwa themanini ni mia tatu, mara moja na nusu. Thamani yote inabaki ileile, mara nne na nusu, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Jumla ilikuwa sahihi. Nilichogeuza kichwa chini miguu juu ni nani aliyeileta. Jembe ndilo lililoibeba bei mgongoni, si bei iliyolibeba jembe.

Watu hawa wameiongezea nchi mavuno mara tatu, na kwa mfereji uliopasuka. Mimi nilisimama mbele yao shuleni nikawafanyia mzaha.

23 Juni

Nilikwenda kwa Bi Mizani baada ya soko kufungwa, mkia nimeufyata. Nikamwambia naomba kuona madaftari ya miaka ya nyuma, kama yapo.

Yapo! Ana kasha la bati chini ya kitanda, ndani yake madaftari ishirini na saba, yamefungwa kwa mpira wa baiskeli, kila moja na mwaka wake. Nikafungua la kwanza. Arobaini, arobaini na moja, thelathini na tisa, arobaini. Mwaka wa nne, arobaini na sita. Mwaka wa tisa, hamsini na nne. Kreti inanenepa ukurasa kwa ukurasa mbele ya macho yangu, kwa mwandiko uleule wa kulala kidogo. Daftari mbili ziliingiwa na mchwa. Hakujaza mapengo kwa kukisia, ameandika juu yake, "Mchwa. Sijui."

"Kwa nini ya saba?" nikamuuliza.

"Nikichagua mwenyewe nitachagua. Leo nitapenda nzito, kesho nitamwonea huruma fulani. Ya saba haina mwenyewe."

Mimi nimesomea kazi hii chuoni miaka mitatu. Yeye alifundishwa siku tatu, na amenizidi.

Halafu chini kabisa kwenye kasha kulikuwa na barua ya ofisi. Nikaisoma nimesimama. Mpimaji anaagizwa kuacha mara moja kuandika namba zisizotakiwa pembeni mwa fomu, kwani zinachafua kumbukumbu. Izingatiwe kuwa uzito wa kreti ni kilo arobaini. Chini yake sahihi. Sahihi yenye mkia mrefu wa kujidai, ninayoitumia hadi leo.

Nilikumbuka vizuri. Zilikuwa namba za wino wa buluu pembeni mwa fomu zake, mwaka ule wa nne. Nilidhani mwanamke anachezea karatasi za serikali.

"Ulijua ni mimi," nikasema.

"Tangu ulipotia sahihi kitabu cha wageni pale langoni."

"Na hukusema?"

"Ningesema ungebisha. Nikaona heri kwanza kreti ikuvunje kiuno." Akalitoa daftari mkononi mwangu taratibu, akafuta vumbi. "Barua ilikataza pembeni mwa fomu. Haikukataza daftari. Nikanunua daftari, na zile za pembeni za miaka ya mwanzo nikazinakili kwanza, kila mwaka na daftari lake."

Sijapata kumwona mtu mtiifu na mbishi kwa wakati mmoja namna hii. Namheshimu mpaka naogopa.

24 Juni

Nimeanza kunakili.

26 Juni

Themanini na moja.

30 Juni

Themanini. Nanakili. Shemeji kaniletea chai mara tatu bila kunitania, nikajua hali yangu ni mbaya.

3 Julai

Sabini na tisa. Maji kwenye mfereji yamepungua. Mashamba ya mwisho yanapata zamu mara moja kwa wiki.

7 Julai

Themanini na mbili. Ugomvi wa zamu ya maji kati ya majirani wawili, jembe likainuliwa. Bahati nzuri lilishushwa.

11 Julai

Nimemaliza kunakili. Ni zaidi ya vipimo mia nane. Nimempigia simu Mkuu.

"Hebu subiri," akasema. "Unaniambia jedwali letu la nchi nzima ni bovu?"

"Soko hili ni bovu kwa hakika. Masoko mengine yanatumia kreti hizihizi, na huko hakuna aliyepima."

"Bwana we! Miaka ishirini na saba! Yamechapishwa, yamepigwa mihuri. Nani aliyaandaa?"

"Mimi."

Akashusha sauti, ikawa ya rafiki: "Sikiliza. Nafasi ya kitengo iko mezani kwangu. Nimeshaandika jina lako. Daftari za shule za mama mmoja sokoni si kumbukumbu rasmi. Gonga muhuri urudi nyumbani."

Nikamwambia nitafikiri. Nimekaa kwenye ngazi ya nyuma mpaka jua likazama, na nakiri kwamba nilifikiri kweli. Ng'ombe nimemla mzima, umebaki mkia tu.

12 Julai

Asubuhi nilimkuta Shemeji mlimani, kwenye kile kipande cha kaka. Alikuwa anamwagilia kwa ndoo, safari ishirini na mbili kutoka mferejini, nimezihesabu kwa sababu ndiyo kazi pekee ninayoiweza. Shina moja moja, kikombe kimoja kimoja, hata tone halitoki nje ya shimo. Nikachukua ndoo ya pili.

Nilipotoka huko nikaandika barua kwa Mkuu, nakala kwa wizara. Kosa ni langu, nimelieleza lilivyo, ninaomba jedwali lirekebishwe na bonde hili lifikiriwe upya.

24 Julai

Themanini na tatu, kreti nzito kuliko zote mwaka huu. Wizara imejibu. Itatuma kamati tarehe 14 Agosti ijionee upimaji. Ikiridhika, madaftari yatapokelewa na bonde litaingizwa kwenye orodha ya mifereji. Isiporidhika, ripoti itatoka kama ilivyo.

Bi Mizani alisoma barua mara mbili. "Waje," akasema.

28 Julai. 31 Julai. 4 Agosti.

Themanini. Sabini na nane. Themanini na moja. Jua kali. Majani ya mashamba ya mwisho yameanza kujikunja.

11 Agosti

Themanini. Dalali mkuu, ambaye watu wanamwita Bwana Haraka kwa kuwa hajawahi kukaa chini kula, alinisimamisha. "Nasikia serikali inakuja kupima kreti." Nikamwambia ndiyo. Akachekea ndevuni. Sikuupenda ule mcheko.

14 Agosti

Niandike polepole, nisiruke kitu.

Kamati ilifika saa tatu: Mwenyekiti, mama mmoja mkavu wa maneno, pamoja na karani wake na Mkuu wangu. Bi Mizani alikuwa amevaa gauni la kijani lililofanana na mizani yake. Lango likafunguliwa.

Kreti ya kwanza ikaingia. Mbao tatu. Ya pili, mbao tatu, haina kilemba, nyanya zimelala bapa kama zimepigwa pasi. Ya tatu, ya nne, vilevile. Madalali walikuwa wamewagawia wakulima kreti ndogo za zamani usiku wa jana, wakiogopa kutozwa faini kwa kuzidisha kipimo, na kumwambia kila mkulima kwamba atakayeonekana na kilemba leo hatauza tena msimu huu. Mkulima mwenye nyanya mbivu hana ubavu. Nyanya haisubiri.

Ya saba ikaingia. Bi Mizani akainua mkono. Ikapandishwa.

"Arobaini na tatu!" akatangaza, kwa sauti ileile ya siku zote.

Mkuu wangu alinitazama kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko matusi. Karani akaandika. Bwana Haraka alikuwa amesimama kando ya lori lake akijipepea na kofia.

Hapo ndipo foleni ilipofunguka, Shemeji akatokea na mkokoteni wake. Kreti ya mbao tano. Kilemba juu, wavu, kamba. Alipita mbele ya watu wote, kidevu juu, jasho linamtiririka.

"We mama!" Bwana Haraka akaacha kujipepea. "Hukuambiwa?"

"Niliambiwa."

"Basi hiyo sinunui."

"Usinunue."

"Wala kesho, wala mwezi ujao!"

"Nimesikia, baba, mimi si kiziwi. Nyanya nimezichuma kwa kreti ya siku zote, na kwa kreti ya siku zote zitapita hapa."

Msimu wake wote umo kwenye sentensi ile. Ada za wanafunzi wawili, paa la jiko, yote. Nilitamani kumwambia aache, nikatamani pia kumpigia saluti.

Nikamkimbilia Bi Mizani. "Pima hii! Haraka, wakiwa wanaangalia!"

"Si ya saba."

"Bi Mizani, nakuomba! Mfereji unakwenda na maji!"

"Ya saba nimeshapima. Ni arobaini na tatu na ndivyo nilivyoandika." Hakuinua hata uso. "Leo nikipima ya shemeji yako kwa sababu ni nzito, hayo madaftari yangu yote nikayawashie moto."

Nilimchukia kwa muda wa dakika nzima. Nakiri, nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Mwenyekiti alikuwa ametusogelea bila mimi kumwona. "Mama," akasema, "unajua kwamba namba hiyo uliyoandika inakupinga mwenyewe?"

"Najua."

"Na mfereji unautaka?"

"Nina robo eka kule mwisho, mheshimiwa. Imekauka."

Mwenyekiti akalichukua daftari, akafunua kurasa za nyuma, themanini, sabini na nane, themanini na moja, kisha ya leo, arobaini na tatu, mwandiko uleule, haujatetemeka. Akalirudisha kwa mikono miwili.

"Mtu anayeandika hii," akamwambia Mkuu wangu, "zile nyingine mimi naziamini." Kisha akamgeukia karani. "Yeye ana utaratibu wake, tusiuvuruge. Sisi tuna mizani yetu garini. Ilete, tupime ya huyu mama aliyekataa, kisha turudi kesho kutwa mashambani bila kumwambia mtu."

Ya Shemeji ilikuwa themanini na nne. Wakulima wa nyuma walipoona inapimwa, mmoja akageuza mkokoteni wake, akarudi na kreti ya mbao tano. Kisha wa pili. Kufikia saa sita foleni nzima ilikuwa na vilemba, na watu wanapokezana kamba na kucheka. Malori hayawezi kurudi matupu. Saa tisa Bwana Haraka alinunua, ya Shemeji mwishoni kabisa na bila kumtazama, lakini alinunua.

15 Agosti

Nimemwomba Bi Mizani radhi kwa ile dakika moja. Akauliza dakika gani.

18 Agosti

Themanini.

28 Agosti

Themanini na moja. Hakuna habari. Mashamba ya mwisho yamekufa. Bi Mizani hakutaja lake.

8 Septemba

Barua imekuja. Jedwali la soko hili litachapishwa upya kwa vipimo vya madaftari, na masoko mengine yote yatapewa mizani na daftari kuanzia msimu ujao. Kila soko litapima kreti ya saba. Bonde limeingizwa kwenye orodha, namba mbili. Mafundi wa mfereji wataanza kabla ya mvua.

Bahasha ilikuwa na karatasi ya pili, fupi. Nafasi ya mkuu wa kitengo amepewa mwingine. Nilidhani itaniuma zaidi. Imeuma, lakini kama kiuno, ukikaa vizuri inapoa.

Shemeji alifurahi, akanikumbatia, kisha akaniachia. "Mkutano wa wakulima ni Jumamosi," akasema. "Palepale shuleni."

"Mwenyekiti wa mkutano atasoma barua."

"Barua atasoma yeye. Wewe utasema yako."

13 Septemba

Darasa lilijaa mpaka madirishani. Barua ikasomwa, watu wakapiga makofi na vigelegele, na mimi nikadhani labda nimenusurika. Shemeji akanitazama tu. Nikasimama.

Nilikuwa nimeandaa maelezo ya kurasa mbili kuhusu uzito na bei. Niliyaacha mfukoni. Nikasema, "Miaka kumi na moja iliyopita nilisimama hapa nikawaambia hamjafanya kitu, bei ndiyo imewabeba. Haikuwa kweli. Mavuno mmeyaongeza mara tatu. Aliyekosea ni mimi."

Watoto wa madirishani wakaingiza vichwa ndani.

Kisha kutoka ukutani nyuma kabisa ikatoka ile sauti ya kunadi, inayosikika kutoka langoni hadi kwenye malori. "Rudia! Huku nyuma hatujasikia!"

Darasa zima likalipuka kwa kicheko. Nikarudia, kwa sauti.

"Mara ngapi?" akauliza Bi Mizani.

"Mara tatu!"

"Nani kakosea?"

"Mimi!"

Walicheka, wakapiga meza, mzee mmoja akafuta machozi kwa kofia yake, na mimi nikacheka nao, nimeshindwa kabisa na nina raha kuliko siku yoyote ya kazi yangu. Kicheko kilipopungua nikamwona Shemeji amesimama. Yeye hakuwa anacheka.

"Na yeye?" akauliza.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa ni nani.

"Na kaka," nikasema. "Hakuwa mvivu hata siku moja."

Akaitikia kwa kichwa, akakaa.